Nchi Isiyo na Baki

Nchi nyingine zina simba kwenye nembo zao, nyingine zina tai, nyingine zina jembe na mkuki vilivyopishana. Nchi hii, ambayo jina lake tutaliacha lipumzike, ina namba. Imechorwa kwenye bendera, kwenye sarafu, kwenye kofia za askari wa barabarani na kwenye milango ya vyoo vya serikali: 720,720. Laki saba na elfu ishirini na mia saba na ishirini. Ndiyo idadi ya wananchi. Ilikuwa hivyo mwaka wa sensa, imekuwa hivyo kila mwaka tangu hapo, na kwa nguvu ya sheria itaendelea kuwa hivyo.

Wapo watu wenye nia mbaya, wengi wao wakiishi ng'ambo, wanaouliza inawezekanaje watu wazaliwe na wafe halafu idadi isitikisike. Swali hilo lina jibu, na jibu lina ofisi yake, yenye ghorofa nne na lifti inayofanya kazi akija mgeni.

Namba haikuzaliwa na cheo. Ilipewa, na aliyeipa alikuwa mwanamke mpole aitwaye Dokta Semeni Lugome, mtaalamu pekee wa tabia za namba katika nchi nzima. Siku matokeo ya sensa yalipopelekwa Ikulu, Mtukufu alikuwa ameshawaambia mabalozi kwamba anatawala watu milioni mbili. Aliitazama karatasi, akamtazama mkuu wa sensa, na miguu ya mkuu wa sensa ikaanza kucheza yenyewe ndani ya suruali. Dokta Semeni aliitwa kutoka chuoni akiwa bado na chaki kwenye mkono wa gauni, aje aeleze hiki kiidadi ni kitu gani.

Alimwona yule bwana anavyotetemeka, akamwonea huruma. Bahati nzuri hakuhitaji kusema uongo, maana hakuwahi kuusema kuhusu namba yoyote.

"Mtukufu, hii ni namba ya ajabu," alisema. "Igawe kwa mbili, inagawanyika. Kwa tatu, kwa nne, kwa tano, nenda hivyo hivyo mpaka kumi na sita. Hakibaki kitu. Na hakuna namba ndogo kuliko hii yenye tabia hiyo."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Ina vigawo mia mbili na arobaini. Halafu ni namba tele."

"Tele kivipi?"

Akaeleza kama alivyozoea kuwaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Unachukua namba, unatafuta vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, unavijumlisha. Jumla ikiwa ndogo kuliko namba, wataalamu huiita namba pungufu. Jumla ikizidi, huiita namba tele. Na hii jumla yake inaizidi namba yenyewe zaidi ya mara tatu.

Mtukufu aliinuka, akazunguka meza, akamshika mikono yote miwili. "Kwa hiyo taifa langu ni tele. Kihesabu."

"Namba ndiyo tele, Mtukufu. Watu ni jambo jingine."

Lakini mwandishi wa Ikulu alikuwa ameshafunga kalamu. Mkuu wa sensa alipewa nishani badala ya kamba, akastaafu salama, akafia kitandani kwake. Ilikuwa mara ya mwisho kwa ukweli wa Dokta Semeni kumfaa mtu.

*

Ndani ya mwezi huo Mtukufu alijiongezea jina, akawa Mtukufu Mgawaji, na Sheria ya Namba ikapita bungeni kwa kura ambazo nazo ziligawanyika vizuri. Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Taifa limebahatika kupata namba isiyo na baki; ni wajibu wa kila mwananchi kutoiharibu.

Kuanzia hapo mtoto alizaliwa kwa nafasi. Akifa mtu mmoja, Ofisi ya Nafasi ilitangaza nafasi moja, na mtoto mmoja akaingia. Aliyezaliwa kabla ya nafasi kupatikana aliitwa baki. Serikali haikumkataza baki kuishi, maana si serikali katili. Ilisema tu kwamba hayupo. Unga ulikuwa umeshagawanywa kwa laki saba na elfu ishirini na mia saba na ishirini, na dawa hali kadhalika, na madawati hali kadhalika, na vyote vilitoka sawasawa bila chembe kubaki mezani. Ungempa nini mtoto asiyekuwepo?

Wazee walianza kupendwa kupita kiasi. Kijana aliyekuwa hamsalimii mtu mtaani sasa alisimama mlangoni kwa mzee mwenye kikohozi, akaamkia, akauliza usingizi ulikuwaje, kifua kinabana upande gani, na akashindwa kuficha masikitiko akiambiwa kuna nafuu. Kwenye misiba wajawazito walikaa mbele kabisa, na waliwahi.

Watu wa kaskazini mvua ilipowagomea wakaleta malalamiko ya njaa, redio iliwajibu kwa upole. Taifa ni tele. Namba haiwezi kuwa tele na wakati huohuo ikawa na njaa. Anayehisi njaa anahisi kitu ambacho hesabu imeshakikataa. Dokta Semeni alisikia hayo akiwa anachambua mchele. Alimgeukia mumewe, Hatibu, fundi wa redio, akamwambia hakusema hivyo. Hatibu alizima redio. Alimwambia anajua hakusema hivyo, ila asimwambie mtu mwingine.

Na ikawekwa Sikukuu ya Mgawanyo. Siku hiyo nchi nzima husimama viwanjani, kila wilaya kwake, na ngoma ikipigwa mara mbili watu hujipanga wawili wawili, ikipigwa mara tatu hujipanga watatu watatu, mpaka kumi na sita. Wanaobaki wilaya moja hurushwa kwenye malori na kukimbizwa wilaya ya jirani wakakamilishe kundi, hivyo kufikia jioni nusu ya taifa imelala kwa watu isiyowajua. Kabla ya ngoma, Dokta Semeni hupanda jukwaani katika uwanja wa mji mkuu na kuusomea umati Tabia za Namba: vigawo vyake, utele wake, na sifa yake ya kutoacha mtu. Alipewa gari kwa kazi hiyo. Alilipanda, kwa sababu aliambiwa alipande.

*

Kisha ukaja mwaka wa kipindupindu, ambacho hakikuwepo, kwa kuwa nchi tele haipati kipindupindu. Watu walikufa kwa wingi kiasi kwamba lau nafasi zingetangazwa zote, Namba ingeporomoka vibaya, na kuna wilaya ambazo zisingeweza hata kujipanga wawili wawili bila aibu. Ofisi ya Nafasi ilikaa kikao cha dharura na kutoka na neno zuri sana. Marehemu wa mwaka ule hawakufa. Walipata udhuru.

Mwenye udhuru anazikwa kama kawaida, kwa sababu za afya, lakini anabaki mwananchi na nafasi yake haiguswi. Unga wake unatunzwa na Ofisi, ambako umenenepesha watu kadhaa. Siku ya Mgawanyo jamaa zake hubeba kigoda chake, wakakiweka kwenye kundi pale ambapo angesimama yeye. Mwaka wa kwanza wanawake walilia waliposikia ngoma na kuviona vigoda vile vimetapakaa uwanjani. Mwaka wa pili walikuwa wameshajua kuvibeba kichwani ili mikono ibaki huru kupiga makofi.

Hatibu alipata udhuru alfajiri moja, akiwa ameshika mkono wa mkewe. Dokta Semeni alimbebea kigoda kilekile alichokuwa akikalia akitengeneza redio, chenye doa la risasi ya kuchomelea kwenye mguu mmoja.

*

Binti yao pekee, Chiku, alijifungua mwaka uliofuata. Nafasi haikuwepo hata moja, kwa kuwa tangu kipindupindu Ofisi ilikuwa imenogewa na neno lake na watu hawakufa tena, walipata udhuru tu. Mtoto alikuwa wa kike, mweusi tii, na sauti ya kuamsha mtaa. Chiku alimpa jina la bibi yake, Semeni.

"Somo yangu," Dokta Semeni alimwita tangu siku ya kwanza, na hakumwita vingine. Alikuwa mwanamke aliyezoea kupenda vitu visivyoshikika, kama zile namba kubwa ambazo huwezi kuzihesabu hata ukipewa maisha mawili. Sasa alishika kitu chenye uzito wa mfuko wa sukari, akajikuta anaogopa kila upepo.

Alikwenda Ofisi ya Nafasi akiwa na ombi ambalo aliliona dogo. Katibu wa Ofisi, Kondo Mahimbo, aliwahi kuwa mwanafunzi wake, naye alisimama alipomwona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kondo. Nimekuja kwa ajili ya mjukuu wangu. Babu yake ana nafasi ambayo haitumii. Naomba apewe mtoto."

Kondo alikaa taratibu. "Mzee Hatibu? Huyo ana udhuru, Mwalimu. Hajafa."

"Nilimwosha miguu mimi mwenyewe, Kondo. Kaburi lake nalipalilia."

"Sikatai. Lakini mwaka jana kigoda chake kilisimama kwenye kundi la kumi na sita, na uliyekileta ni wewe. Mtu aliyekufa anasimamaje?" Alisogeza sauti karibu, kama mtu anayetaka kumsaidia mwalimu wake. "Ipo njia. Aje yeye mwenyewe hapa, aseme kwa kinywa chake kwamba amekufa. Siku hiyohiyo namwandikia mtoto."

Dokta Semeni alimtazama kwa muda, akitafuta usoni mwake dalili ya mzaha. Hakuiona.

"Basi muongeze," alisema. "Tuwe laki saba na elfu ishirini na mia saba na ishirini na moja. Kuna ubaya gani?"

"Mwalimu." Kondo aliangalia mlango. "Hiyo namba haigawanyiki. Redio inasema kila siku, ni namba ya ubinafsi."

"Inagawanyika kwa sabini na moja. Redio haikuniuliza."

"Sabini na moja? Watu gani watakaa sabini na moja kwenye sinia moja?" akasema Kondo, akainuka kumfungulia mlango, kwa heshima zote.

*

Surua ilipomshika mtoto, walimkimbiza hospitali. Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye uso mwema. Aligusa paji la mtoto, akalirudisha shuka, akaviringisha pindo la aproni yake mkononi.

"Bibi, huyu ni wa Namba?"

"Ni wangu," alisema Dokta Semeni.

"Nisamehe. Dawa zimeshagawanywa. Safari hii zimetoka vizuri mno, hakuna hata kidonge kilichobaki. Nikimpa huyu, yupo mmoja atakayekosa, na watajua ni mimi." Alishusha sauti. "Mpanguseni na maji ya uvuguvugu. Sikukuu ni kesho kutwa. Wewe unasimama karibu na Mtukufu, bibi. Sisi wengine hatufiki pale."

Usiku ule na uliofuata Dokta Semeni hakuandaa hotuba. Alijua atakachosema, kilikuwa cha kweli, na maisha yake yote aliamini hilo linatosha.

*

Uwanja ulijaa watu na vigoda. Chiku alisimama nje ya uzio, wanakosimama wenye mabaki, mtoto akiwa amefungwa mgongoni kwa kanga mbili. Dokta Semeni alisoma Tabia za Namba kama kila mwaka, na umati ukashangilia kila kigawo. Alipofika mwisho, hakushuka.

"Mtukufu Mgawaji, naomba niongeze. Namba inayofuata nayo inagawanyika."

Mtukufu aliinama mbele kwenye kiti chake. Alipenda hesabu kwa dhati, kama mtu anavyopenda mbwa aliyemng'ata adui yake.

"Inagawanyika kwa ngapi?"

"Kwa sabini na moja. Makundi elfu kumi na mia moja hamsini na moja, kila kundi watu sabini na moja. Habaki mtu. Tunaweza kumwongeza mtoto mmoja, Mtukufu, na nchi isiharibike."

"Na kwa mbili?"

"Hapana, Mtukufu."

"Kwa tatu?"

"Hapana."

"Kwa nne?"

Kondo Mahimbo, aliyekuwa mshereheshaji, aliinua mkono, na safari hii umati mzima ukajibu pamoja naye: hapana. Kwa tano? Hapana. Kwa sita? Wakaenda hivyo mpaka kumi na sita, na kila hapana ilitoka kubwa kuliko iliyotangulia, watu wakicheka, watoto wenye nafasi wakirukaruka mabegani mwa baba zao.

"Kwa jumla ina vigawo vingapi?"

"Vinne."

"Yangu?"

"Mia mbili na arobaini."

"Ukiiondoa yenyewe ukajumlisha hivyo vingine vitatu?"

"Elfu kumi na mia mbili ishirini na tatu."

"Kwenye laki saba na ushei." Mtukufu alitabasamu kwa upole. "Nikumbushe, Dokta. Namba ya aina hiyo ninyi wataalamu mnaiitaje? Ni tele, au ni ile nyingine?"

Hapo Dokta Semeni alijua yuko wapi. Katika uwanja ule, katika nchi ile, hakuwepo mtu mwingine ambaye neno lake kuhusu namba lingeaminika. Kondo alifeli somo hilohilo mara mbili. Neno moja la silabi mbili lingetosha, na mbele ya umati wote Mtukufu asingeweza kuikataa namba tele. Dokta Semeni aliangalia uzio. Chiku alikuwa amemgeuza mtoto mbele na kumwinua juu kidogo, aonekane. Alitaka kusema uongo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, akafungua kinywa, na kikatoka kile alichokuwa amekitoa kwa miaka yote mbele ya ubao.

"Pungufu, Mtukufu."

"Pungufu," Mtukufu aliwarudia wananchi wake, akifungua mikono. "Mimi sikusema. Amesema msomi. Ananiomba nilitoe taifa kwenye utele nilitie kwenye upungufu, kwa ajili ya mtoto mmoja. Nifanye hivyo?"

Hapana hii ilisikika mpaka mpakani. Kisha ngoma ikapigwa mara mbili.

Njiani kurudi nyumbani Chiku alitembea mbele, mtoto mgongoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulivumilia.

"Mama," alisema, "si ungesema tele."

Mtoto alifariki kabla ya mwezi kuandama.

*

Serikali haina kinyongo. Matanga hayajaisha, Kondo Mahimbo alifika nyumbani kwa miguu, akavua viatu mlangoni, akatoa pole kwa maneno mazuri. Kisha akaeleza habari njema. Mtukufu ameguswa. Mtoto, kwa hali yake ya sasa, hali unga, hahitaji dawa wala dawati, hatapiga kelele. Ni mwananchi wa mfano. Kwa hiyo ameingizwa kwenye Namba, mwenye udhuru.

"Nafasi imetoka wapi?" aliuliza Dokta Semeni.

Kondo alikuna shingo. "Kwako, Mwalimu. Kwa yale ya uwanjani. Ila kumbukumbu hatukuzigusa hata kidogo. Pameandikwa Semeni, na yeye ni Semeni. Mtu pekee aliyebadilika ni wewe."

Ndivyo Dokta Semeni Lugome alivyokuwa baki katika nchi aliyoipa sifa. Unga wake ulikatwa na gari likachukuliwa. Hakuhuzunika kwa hayo. Alichonga kigoda mwenyewe kwa mbao za sanduku la chai. Hakuwa fundi, na miguu haikulingana.

Sikukuu iliyofuata aliruhusiwa kuingia uwanjani, kwa kuwa mbeba kigoda hahesabiwi. Kwenye kundi lake waliosimama kwa miguu yao walikuwa watano. Aliweka cha Hatibu, akaweka cha somo yake kando yake, akatia kijiwe chini ya mguu mfupi kisiyumbe. Jukwaani Kondo alikuwa akisoma Tabia za Namba, naye, kwa kuonyesha maendeleo, alitangaza kwamba mwaka huu Namba imeanza kugawanyika hata kwa kumi na saba. Watu walishangilia. Ngoma ya kumi na saba haikupigwa, maana serikali si ya wajinga.

Mwanamke mmoja mwenye vigoda vitatu alimwinamia. "Dokta, ni kweli hiyo ya kumi na saba?"

Dokta Semeni alikigusa kile kigoda kidogo. Jibu alilijua, wangebaki watano.

"Ni kweli," alisema, na uongo ukatoka laini, bila shida yoyote, mahali ambapo haukumfaa mtu. "Inagawanyika. Na ni tele."

Machozi yakamshuka, wala hakuyafuta. Ngoma ikapigwa mara kumi na sita. Wakajipanga, nchi nzima, watu na vigoda, na jioni redio ikatangaza kwamba hakubaki mtu.